Kubadilisha Breki na Kugeuza Breki: Istilahi ya Dramu na Diski

Neno "breki" limekaa katika Kiswahili muda mrefu kiasi cha kujipatia vitenzi vyake, na vitenzi hivyo ndivyo vinavyoleta utata pale istilahi ya kiufundi inapohitajika. Dereva hufunga breki, hukanyaga breki au hupiga breki, na zinapomshinda husemwa kwamba zimekatika au zimegoma. Fundi naye hufunga breki kwa maana nyingine kabisa, yaani huzipachika mahali pake kwa spana na nati, kama anavyofunga injini au rejeta. Mwenye gari anapoomba abadilishiwe breki, yeye na fundi huelewana papo hapo kwamba vipande vinavyoliwa na msuguano vimekwisha, hivyo vitolewe na viwekwe vipya vya aina ileile. Kitenzi "kubadilisha", kwa hiyo, tayari kina kazi yake, na kinapochukuliwa kutaja kazi kubwa ya kuondoa breki za dramu katika magurudumu ya nyuma ya gari la zamani na kuweka za diski mahali pake, huficha jambo ambalo msikilizaji anapaswa kulijua kwanza, nalo ni kwamba kinachobadilika si kipande bali mfumo.

Breki ya dramu ni chombo cha chuma chenye umbo la sufuria lililolazwa ubavu, ambalo huzunguka pamoja na gurudumu, huku ndani yake mkiwa na vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vilivyovikwa kitambaa kigumu cha msuguano na visivyozunguka. Vipande hivyo huitwa viatu vya breki, na mafundi wengi huviita shuu. Dereva anapokanyaga pedali, silinda ndogo iliyo kati ya ncha za viatu huvisukuma viende nje mpaka viguse ukuta wa ndani wa dramu. Wapo wanaopendekeza "breki ya ngoma", na pendekezo hilo lina uzuri wa kuwa na neno la Kibantu lisilohitaji kuazimwa. Hata hivyo ngoma hupigwa kwa nje, juu ya ngozi iliyowambwa, ilhali kifaa hiki hakina ngozi na nguvu yake yote hutoka ndani. Neno "dramu" linafaa zaidi, kwa kuwa msemaji wa Kiswahili tayari analijua kama jina la pipa la mafuta, na pipa lililokatwa kitako ndilo umbo lenyewe hasa.

Breki ya diski hufanya kinyume. Badala ya chombo kilichofunika kila kitu, pana bamba la duara lililo wazi, linalozunguka na gurudumu, na juu ya ukingo wake hukaa kibano kizito cha chuma kiitwacho kalipa, ambacho ndani yake pistoni husukuma pedi mbili zilibane bamba kutoka pande zote mbili. Bamba hilo lingeweza kuitwa sahani, au kisahani kama kile kinachorushwa na wanariadha, na hakuna kosa la lugha katika maneno hayo. Lakini gerejini linalosikika ni "diski", na istilahi inayomlazimu fundi kutafsiri upya kifaa anachokishika kila siku haijamsaidia. Kinachostahili kukazwa kuliko nomino zote hizo ni vitenzi viwili, kutanua na kubana. Dramu husimamisha gari kwa viatu vinavyotanuka, diski kwa pedi zinazobana, na karibu kila tofauti ya kitabia kati ya mifumo hii miwili hutokana na tofauti ya vitenzi hivyo.

Tofauti iliyo kubwa ni ya joto. Breki haiui mwendo bali huigeuza nishati mwendo kuwa joto, na kiasi cha joto hilo si kidogo: gari lenye uzito wa kilo 1500 likiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa hubeba takriban kilojuli 580, ambazo zingetosha kuchemsha zaidi ya lita 1.5 za maji ya kawaida ya bomba, na zote hizo sharti ziingie katika vyuma vinne vya magurudumu kwa sekunde chache. Mwendo ukipungua kwa nusu, nishati hiyo hupungua hadi robo, kwa sababu huenda na kipeo cha pili cha kasi. Dramu ikipata moto hutanuka, na kutanuka kwake ni kuvikimbia viatu vilivyo ndani, hivyo pedali huzama zaidi kadiri mteremko unavyoendelea. Diski ikipata moto hunenepa kuelekea kwenye pedi, na kwa kuwa iko wazi, upepo huichukulia joto lake upesi. Anayeteremka Mlima Kitonga mkoani Iringa, katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, huambiwa atumie gia nzito na asikalie breki, na sababu yake ni hiyo hiyo. Hali hii ya breki kupoteza nguvu bila kuharibika inaweza kuitwa "ulegevu wa joto", istilahi inayotaja chanzo na matokeo kwa maneno mawili. Maji nayo yana hadithi yake: gari likivuka mto, dramu hubaki na maji na tope ndani kwa muda, lakini diski hujirushia maji nje baada ya mizunguko michache.

Mtu asidhani kwamba diski ni uvumbuzi wa juzi. Frederick Lanchester aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1902, ila pedi zake za shaba zilipiga kelele zisizovumilika na kuisha haraka, na wazo likalala kwa miongo kadhaa mpaka Jaguar iliposhinda mbio za Le Mans mwaka 1953 ikiwa na diski za Dunlop, na Citroën ikaweka diski za magurudumu ya mbele katika gari lake la DS mwaka 1955. Kwa muda mrefu baada ya hapo magari mengi yalikuwa na diski mbele na dramu nyuma, na hayo, pamoja na yale yenye dramu pande zote, ndiyo ambayo wenyewe hutaka kuyageuza leo.

Hapa ndipo neno "kubadilisha" linapokuwa na hatari. Kiatu cha mbele ndani ya dramu, yaani kile ambacho mzunguko wa gurudumu unakivuta kuelekea ukutani, hujiongezea nguvu chenyewe: dereva huanzisha mguso, na mzunguko huukaza. Diski haina msaada huo. Ili ibane kwa nguvu ileile, inahitaji kanieneo kubwa zaidi ya mafuta (kanieneo ni kani inayogawanywa kwa eneo inalolisukuma), na ndiyo maana magari ya diski kwa kawaida huwa na busta inayosaidia mguu kwa kutumia mvuto wa hewa ya injini. Aidha, pistoni za kalipa ni kubwa. Katika magari mengi madogo silinda ya gurudumu ndani ya dramu huwa na kipenyo cha karibu milimita 20, ilhali pistoni ya kalipa inaweza kufikia milimita 40, ambayo ni mara nne kwa eneo; basi kila inaposogea milimita moja hudai mafuta mengi zaidi, na masta silinda ya zamani, ambayo ndiyo inayosukuma mafuta kutoka kwenye pedali, inaweza isitosheleze.

Kisha ziko vali mbili ambazo hazionekani na husahauliwa kwa urahisi. Ya kwanza, inayoweza kuitwa "vali ya kubakiza kanieneo", ilikuwa imejengwa ndani ya masta silinda ya magari mengi ya dramu ili mafuta yabaki na msukumo mdogo, karibu baa 0.7, hata mguu unapoondolewa, na hivyo viatu visirudi mbali mno na ukuta. Msukumo huo huo ukiachwa katika njia ya diski, pedi hazitaiachia diski, nazo zitasugua safari nzima mpaka zipate moto. Ya pili hupunguza kanieneo inayokwenda nyuma pale dereva anapofunga breki kwa ghafla. Wataalamu wangeweza kushawishika kuiita "vali ya uwiano", lakini jina hilo halisemi uwiano wa nini na nini. "Vali ya kupunguza kanieneo ya nyuma" ni refu, na urefu wake una faida kwa sababu linaeleza kazi. Gari linapofunga breki uzito huhamia mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Yakiacha kuzunguka kabla ya yale ya mbele, mkia wa gari hutaka kutangulia, na gari hugeuka huku dereva akiwa hana la kufanya kwa usukani. Diski mpya za nyuma zenye nguvu kupita kiasi, pasipo vali hii kurekebishwa, huweza kulifanya gari kuwa hatari zaidi kuliko lilivyokuwa na dramu zake zilizochakaa.

Landrova ya mfululizo wa tatu, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985 na kuhudumu kwa miaka mingi katika barabara za vumbi za Afrika Mashariki, ni mfano wenye mafunzo mawili. Ina dramu katika magurudumu yote manne, kwa hiyo kuweka diski nyuma peke yake ni kuanza kazi kwa mkia, na anayetaka kuigeuza hana budi kuanza na mbele. Upande wa pili, hendibreki yake haimo katika magurudumu kabisa: ni dramu ya pekee iliyo nyuma ya giaboksi ya ziada, ambayo hushika propela, na hivyo dramu za magurudumu zinaweza kuondolewa bila hendibreki kuguswa. Mpangilio huo una tahadhari yake, kwani gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliacha lizunguke na gari linaweza kusogea ingawa hendibreki imevutwa. Kigingi cha tairi ni lazima. Katika saluni nyingi, kinyume chake, kebo ya hendibreki huvuta viatu vilevile vya dramu za nyuma, na dramu zikiondoka nayo hukosa cha kuvuta, mpaka zitafutwe kalipa zenye mkono wake wa kebo au diski zenye dramu ndogo katikati. Kazi iliyosahau hilo haijaisha, hata kama gari linasimama vizuri barabarani.

Yapo na mambo madogo: ringi za zamani za inchi 13 au 14 huenda zikagonga kalipa, na kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, nipeli ya kutolea hewa huangalia chini, hewa hubaki juu, na pedali huwa laini hata mafuta yakipitishwa mara ngapi.

Ni kwa sababu ya mambo hayo yote kwamba istilahi inayopendekezwa hapa ni "ugeuzaji wa breki za nyuma za dramu kuwa za diski". Pingamizi lililo wazi ni kwamba kugeuza gari kwa msemaji wa kawaida ni kulielekeza lilikotoka, lakini neno dogo "kuwa" huondoa utata huo mara moja, kwa sababu hulazimisha kutajwa hali mbili, ile inayoachwa na ile inayofikiwa, jambo ambalo "kubadilisha breki" halilazimishi. Pendekezo jingine, "uboreshaji wa breki", linafaa kukataliwa moja kwa moja, kwa kuwa limeshatoa hukumu kabla ya kazi kupimwa. Dramu ni rahisi, hudumu, hushika hendibreki vizuri na hujikinga na kutu. Volkswagen ilipoleta gari lake la umeme la ID.3 mwaka 2020 iliweka dramu nyuma, kwani gari la aina hiyo hupunguza mwendo kwa mota yake na breki za nyuma hufanya kazi kidogo tu, kiasi ambacho diski zingekaa zikiota kutu. Istilahi ya "ugeuzaji" inaweza kutumika vilevile kwa anayetoka kwenye diski kwenda kwenye dramu.