Inchi Moja Tu

Ukienda kuagiza baiskeli ya titani ya kutengenezewa, fundi haanzi na rangi. Anaanza na mwili wako. Mguu una urefu gani kutoka sakafuni hadi mapaja yanapokutana? Mkono je? Mabega? Una kilo ngapi, na tafadhali usidanganye. Mgongo unakusumbua? Goti liliwahi kuumia? Halafu anauliza njia unazopita: mawe, mizizi, matope, au vumbi tupu. Unalipa sehemu ya pesa, unaletewa mchoro, unaurekebisha, unatia sahihi, kisha unangoja. Si wiki, ni miezi. Ni kama kushonewa suti, tofauti ni kwamba hii inashonwa kwa moto.

Na ukiomba ile aina inayoitwa soft-tail, yaani yenye mkia laini, utapata nyongeza moja ndogo sana. Nyuma ya kiti, pale mabomba ya juu ya gurudumu la nyuma yanapokutana na bomba la kiti, panawekwa springi fupi inayosogea karibu inchi moja. Inchi moja tu. Fremu yenyewe inauzwa kwa maelfu ya dola.

Ukisikia hivyo mara ya kwanza unaweza kucheka. Lakini hiyo inchi ina historia ndefu kuliko baiskeli yenyewe. Imepita kwenye mchanga mweusi wa Uingereza, kwenye ndege za kijasusi na kwenye mlima mmoja wa California, na kuna sura yake moja inayotuhusu sisi watu wa Kwale na Busia.

Tuanze na mchanga. Mwaka 1791, kasisi mmoja wa Cornwall aliyeitwa William Gregor alikuwa akichunguza mchanga mweusi uliotoka kwenye kijito cha bonde la Manaccan. Mchanga ulivutwa na sumaku, kwa hivyo alijua una chuma. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote alichosoma. Miaka 4 baadaye, huko Berlin, mwanakemia Martin Heinrich Klaproth alikikuta kitu hicho hicho kwenye madini tofauti, akakipa jina la Matitani, yale majitu ya hadithi za Wagiriki.

Jina lilipatikana mapema, chuma chenyewe kikachelewa zaidi ya miaka 100. Shida ni kwamba titani ikipata moto haiachani na hewa. Inanyonya oksijeni na naitrojeni, ikipoa inakuwa ngumu na ya kuvunjika kama biskuti. Matthew Hunter alifanikiwa kuipata ikiwa safi mwaka 1910 huko New York, lakini kidogo tu. Mwaka 1940 Wilhelm Kroll, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alipata hataza ya njia ya kuitoa kwa kutumia magnesi ndani ya chombo kisichoingia hewa. Ni njia ya polepole, inakula umeme, na mpaka leo ndiyo inayotegemewa. Ndiyo maana titani ni ghali ilhali kwenye ardhi imejaa tele. Kuipata ni rahisi. Kuiachanisha na oksijeni ndiko kazi.

Nani basi angelipa gharama hiyo? Jeshi. Vita Baridi vilihitaji ndege nyepesi zisizolegea kwa joto. Kampuni ya Lockheed ilipounda ndege za kijasusi A-12 na SR-71 katika miaka ya 1960, karibu mwili mzima ulikuwa wa titani. Marekani haikuwa na malighafi ya kutosha, kwa hivyo ilinunua kwa siri, kupitia kampuni za kuzugia, kutoka Muungano wa Kisovieti. Yaani adui aliuza chuma cha kumpelelezea bila kujua. Sinema kabisa, ila ni historia.

Kwa upande wa baiskeli, kitu muhimu hakikuwa ngozi ya ndege bali mishipa yake. Ndani ya ndege kuna mirija ya haidroliki inayosukuma mafuta kwa shinikizo kubwa huku kila kitu kikitetemeka saa nzima. Kwa kazi hiyo wahandisi walitumia aloi ya titani yenye alumini asilimia 3 na vanadi asilimia 2.5. Mirija myepesi, isiyoshika kutu, na inayovumilia kutikiswa. Sasa fremu ya baiskeli ni nini kama si mirija inayotikiswa?

Kulikuwa na jaribio la mapema. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Teledyne iliuza fremu iliyoitwa Titan, ya titani tupu isiyo na mchanganyiko. Ilikuwa nyepesi kweli, lakini ilinesa sana na baadhi zikavunjika. Ilibidi kungoja nusu ya pili ya miaka ya 1980, pale karakana kama Merlin ya Massachusetts zilipoanza kutumia ile aloi ya mirija ya ndege. Kuichomelea si mchezo. Lazima fundi aoshe bomba mpaka lisiwe hata na alama ya kidole, kisha alijaze gesi ya argoni ndani na nje wakati moto unawaka, hewa isiguse. Mshono ukitoka na rangi ya buluu au ya majivu, ujue hewa iliingia.

Wakati huo huo, kitu kingine kilikuwa kinazaliwa California. Tarehe 21 Oktoba 1976, kikundi cha vijana kilishindana kuteremka njia ya vumbi karibu na Fairfax, Kaunti ya Marin. Njia ilikuwa kama kilomita 3, ikishuka mita 400 hivi. Baiskeli zao zilikuwa vyuma vya zamani vya kupelekea magazeti, Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, nzito ajabu. Breki ya ndani ya gurudumu la nyuma ilipata moto mpaka grisi ikageuka moshi, na baada ya kuteremka ilibidi kuifungua na kuijaza grisi upya. Ndiyo maana shindano likaitwa Repack. Joe Breeze alitengeneza fremu mahususi kwa mchezo huo mwaka 1977, Tom Ritchey naye akafuata, na mwaka 1981 Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper iliyotengenezwa kiwandani kwa wingi. Baiskeli ya milimani ikawa bidhaa.

Bidhaa nzuri, ila inaumiza. Aliyeendesha baiskeli kwenye njia ya mizizi anajua: mikono inakufa ganzi, kiuno kinapigwa, na ukikaa kwenye kiti kila jiwe linakusalimia kwa jina.

Mwaka 1981 Kent Eriksen alianzisha karakana ya Moots huko Steamboat Springs, mji wa milimani Colorado. Njia za huko ni ndefu, unanyonga pedeli masaa mengi ukiwa umekaa. Kabla ya muongo ule kwisha, Moots ilitoa fremu iliyoitwa YBB. Herufi hizo ni swali la Kiingereza lililofupishwa kwa mzaha: ya nini kupigwa mpaka uchoke? Jibu lake lilikuwa ile springi fupi nyuma ya kiti. Hakukuwa na bawaba wala beringi. Gurudumu likigonga mzizi, springi inajibana, na mabomba ya chini yanayopita kando ya cheni yanapinda kidogo kisha yanarudi. Fremu yenyewe ndiyo bawaba.

Wazo hilo halikuwa jipya kabisa. Karibu na mwaka 1900, kampuni ya Pierce ya Buffalo, New York, ile iliyokuja kujulikana kwa magari ya kifahari, iliuza baiskeli zenye springi mahali hapo hapo, kwa sababu barabara za wakati ule zilikuwa mbaya. Barabara zikawekwa lami, springi ikasahaulika. Watu walipoiacha lami kwa hiari yao na kurudi porini, springi ikarudi.

YBB za kwanza zilikuwa za chuma cha kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Moots ikahamia titani, na hapo mambo mawili yakakutana kama yaliandikiana barua. Chukua waya wa kutundikia nguo uupinde huku na huku. Utakatika. Metali huchoka. Alumini huchoka kwa kila mpindo, hata mdogo, mpaka siku moja ikaachia. Aloi ya titani, mradi mpindo usizidi kiwango fulani, inaweza kupinda na kurudi mara mamilioni. Tena unyumbufu wake ni karibu mara mbili ya ule wa chuma, na uzito wake ni kama asilimia 60 tu. Kwa hivyo bomba la nyuma linakubali kupinda bila fundi kulikonda mpaka liwe hatari. Chuma kilichokataa kuvunjika ndani ya ndege kikapewa kazi ya kuokoa kiuno cha mtu.

Kuiendesha ni kitu cha ajabu kidogo kwa sababu karibu hakuna cha kuona. Ukiinuka kwenye pedeli kupanda kilima, inapanda kama baiskeli ngumu. Nguvu yako haipotei kwenye springi. Ukikaa, ukaingia kwenye mizizi, unasubiri kipigo na kipigo hakiji, kinakuja kama kugongwa begani na rafiki. Tairi linabaki limegusa ardhi badala ya kurukaruka, kwa hivyo unaweza kuendelea kunyonga pale ambapo wengine wanasimama. Lakini ukiruka kutoka kwenye mwamba, ile inchi inaisha mara moja, na utajua umenunua inchi, hukununua kitanda. Faida yake unaihesabu saa ya nne, wakati wenzako wameanza kujinyoosha migongo kando ya njia.

Soko halikuvutiwa sana na saa ya nne. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Paul Turner, mtu aliyetokea kwenye pikipiki za matope, alileta uma wa mbele wenye springi chini ya jina la RockShox. Kuanzia hapo mbio zikawa za inchi: mbili, nne, sita. Baiskeli zenye bawaba nyingi nyuma zikawa nyepesi na nzuri, na mkia laini ukaonekana wa kizee. Haukufa lakini. Mwaka 2002 Cannondale ilitoa Scalpel, ambayo mabomba yake ya chini ya kaboni yalipinda badala ya kuwa na bawaba, na leo baiskeli nyingi za mashindano ya milimani zinatumia ujanja huo. Karakana ndogo nazo zinaendelea kupima miguu ya watu na kuwachorea hiyo inchi.

Sasa turudi nyumbani. Ule mchanga mweusi wa Gregor tunauita ilmenaiti, na umekuwa ukipita Likoni. Familia za Maumba na Nguluku, Kwale, zilihamishwa ili mchanga uchimbwe. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha mnamo Februari 2014, na uchimbaji ukafika mwisho Desemba 2024. Meli zilibeba ilmenaiti, rutile na zirkoni. Sehemu kubwa ya titani inayochimbwa duniani haiwi chuma hata kidogo. Inakuwa unga mweupe wa rangi ya ukuta, karatasi, plastiki na dawa ya meno. Inayofikia kuwa metali ni sehemu ndogo. Kwetu ilitoka mchanga, ikaondoka mchanga. Hakuna tanuri la Kroll Kwale, wala bomba la aloi linalouzwa Gikomba. Miaka 10 ya meli, na hatua zote zinazofuata, zile zinazogeuza mchanga kuwa kitu kinachojua urefu wa mguu wa mtu, zikafanyika kwingine.

Hapo ndipo hii hadithi ya baiskeli ya matajiri inaponibana. Sisi tumezoea baiskeli isiyotupima. Black Mamba ilikuja saizi moja: chuma kizito, fremu ndefu, mtu mfupi akajifunza kupanda kwa kuruka. Leo kijana wa Nairobi ananunua ya mtumba iliyotengenezewa mwili wa mtu asiyemjua, kisha anashusha kiti, anabadilisha usukani, anajipanga. Si vibaya. Lakini kujipanga kwa kitu na kupangiwa kitu ni mambo mawili, na tofauti yake inakaa kiunoni.

Msiniambie lakini kwamba hatukuwahi kufikiria mkia laini. Katika miaka ya 1960, pale mpakani Busia, waendesha baiskeli walianza kuvusha watu kutoka Kenya hadi Uganda, wakiita wateja: boda, boda! Baiskeli ilikuwa ile ile ngumu. Walichoongeza ni mto juu ya keria, umefungwa vizuri nyuma ya kiti, mahali karibu na pale Moots walipokuja kuweka springi yao. Hakukuwa na titani wala argoni. Kulikuwa na sponji, ngozi bandia, uzi, na mtu aliyejua kwamba abiria akiumia leo, kesho atatembea kwa miguu.

Hakumpima abiria mguu. Ila alikaa chini akaufikiria mgongo wa mtu mwingine, akakata sponji kulingana nao. Kazi ya fundi wa Colorado huanzia hapo hapo. Mchanga tulikuwa nao. Na fundi, ukiniuliza, tulikuwa naye kabla ya meli ya kwanza kutia nanga.