Kasubi: Ardhi huhifadhi nini kabla ya nyumba mpya kusimama?

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda iliyokuwa juu ya kilima cha Kasubi, jijini Kampala. Siku iliyofuata zilizuka vurugu wakati wa ziara ya Rais Yoweri Museveni mahali hapo, na watu wasiopungua wawili waliuawa. Makaburi yenyewe, yaliyo chini ya ardhi, yalinusurika. Paa la nyasi likawa majivu, na pakabaki swali linalowakabili wote wanaojenga juu ya kiwanja cha kale: kabla ya kuweka msingi mpya, ni nini kichunguzwe kwanza?

Kutoka kasri hadi makaburi

Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga kasri lake Kasubi, mahali palipoitwa pia Nabulagala, mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo humo. Desturi ya awali ilikuwa kuutenga utaya wa mfalme na kuuhifadhi mahali pake. Muteesa alizikwa mwili wake ukiwa mzima.

Warithi wake watatu walilazwa kando yake. Mwanga wa Pili alifia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, na mabaki yake yakarejeshwa mwaka 1910. Daudi Chwa wa Pili alifariki mwaka 1939. Edward Muteesa wa Pili alifia London mwaka 1969, akarejeshwa nyumbani mwaka 1971. UNESCO iliyaingiza makaburi hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Nyumba ya miti huacha alama gani?

Nyumba ya jadi ya Buganda ilijengwa kwa nguzo za miti, matete na nyasi. Vitu hivi huoza upesi, lakini ardhi haisahau. Nguzo iliyooza huacha duara la udongo wenye rangi tofauti. Mafiga huacha udongo ulioiva kwa moto. Jalala huacha mifupa na vigae vya vyungu.

Ndiyo maana wanaakiolojia huanza kwa kutembea juu ya kiwanja wakitazama vilivyotawanyika, kisha huchimba mashimo madogo ya majaribio. Udongo huondolewa tabaka kwa tabaka, huchekechwa, na kila kitu huandikwa mahali kilipopatikana. Vipande vya makaa vinaweza kupimwa ili kukadiria umri wake. Kigae kilichong'olewa bila kumbukumbu ya tabaka lake hubaki kigae tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya habari zake imepotea.

Funzo la Luzira

Kampala ina mfano wake. Mwaka 1929, kazi za ujenzi katika gereza la Luzira zilifichua vipande vya sanamu za udongo wa kuchoma, kikiwemo kichwa cha binadamu kinachojulikana leo kama Kichwa cha Luzira. Mwanajiolojia E. J. Wayland alifika baadaye kuchunguza mashimo hayo, na vitu hivyo vikapelekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Kwa miongo mingi umri wa kichwa hicho ulibishaniwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Andrew Reid na Ceri Ashley walirejea vyungu vilivyopatikana pamoja nacho ili kukipa nafasi yake katika historia ya ukanda wa Ziwa Viktoria. Lau wataalamu wangetangulia mbele ya sururu, kazi hiyo ingekuwa nyepesi zaidi.

Kuchunguza pasipo kuchimba

Hata hivyo, kaburi la mfalme si kiwanja cha kawaida. Ndani ya Muzibu Azaala Mpanga, pazia la magome ya mutuba hutenganisha watu na Kibira, msitu mtakatifu ambamo wafalme wanaaminika kuendelea kuishi. Wanaoruhusiwa kupita hapo ni wachache wenye cheo au nasaba. Kufukua mahali kama hapo kwa ajili ya elimu kungevunja kile kile kinachotakiwa kulindwa.

Kwa hiyo urithi wa Kasubi husomwa pia katika picha, michoro na mikono ya mafundi. Pete 52 za dari huwakilisha koo 52 za Buganda, na kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega. Hata nyumba iliyoungua haikuwa ya 1882 tupu: ukarabati wa miaka ya 1930 uliingiza chuma na zege.

Ujenzi mpya uliwakutanisha ufalme wa Buganda, serikali ya Uganda na UNESCO, huku Japani ikisaidia hasa kinga dhidi ya moto. Makaburi yaliyowekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2010 yaliondolewa humo Septemba 2023.

Nje ya uzio wa Kasubi, jiji linazidi kupanda vilima ambavyo makabaka walivitumia kwa zamu kuwa makao yao. Nyumba imara hudai msingi wa kina, na msingi wa kina hukata tabaka zote kwa siku moja. Paa huweza kuezekwa tena. Tabaka la udongo likishachimbwa halirudi.