Weu, Ng'undu na Neno "Tenant"

Istilahi ya sheria haisafiri peke yake. Huja na historia ya nchi ilikozaliwa. Makala haya yanachunguza neno moja la Kiingereza, "tenant", na yaliyotokea lilipokutana na msamiati wa ardhi wa Wakamba wa Kitui na Makueni.

Neno hilo latokana na Kifaransa cha kale, na asili yake ni kitenzi cha Kilatini tenere, yaani kushika. Baada ya Wanomani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kila mwenye ardhi, hata kabaila mkubwa, alihesabiwa kuwa mshikaji tu chini ya mfalme. "Tenant" basi hakuwa lazima mpangaji. Alikuwa mtu ashikaye ardhi ya mwingine kwa masharti.

Wakamba walikuwa na mgawanyo wao. Ng'undu ilikuwa ardhi ya yule aliyeilima kwanza, nayo ilirithiwa na wanawe. Kisesi kilikuwa malisho yaliyotengwa kwa muda. Weu ulikuwa nyika ya wote: humo watu walilisha mifugo, wakatundika mizinga na kufungua ng'undu mpya. Weu ulionekana mtupu machoni pa mgeni, lakini ulikuwa na wenyewe.

Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1915 haikujali tofauti hizo. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth, katika shauri la Isaka Wainaina, aliamua kwamba Waafrika walikuwa "tenants at will" wa Mfalme, yaani washikaji kwa muda apendao mwenye mali. Shauri lilitoka Ukikuyuni, lakini kanuni yake iliifunika hata ng'undu ya Kitui. Serikali ilipofungua mpango wa makazi huko Makueni baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wakamba wengi walisita, wakihofu kwamba ardhi ikishafyekwa na mbung'o kuondolewa, itatwaliwa. Neno hawakulijua, maana yake walikuwa wameielewa barabara.

Katiba ya mwaka 2010 inaitambua ardhi ya jamii, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2016. Hata hivyo kazi yetu ya istilahi imebaki. Mfasiri aandikapo "mpangaji" katika historia hii huficha kiini cha shauri. Mpangaji huingia akijua kwamba nyumba si yake. Mwenye ng'undu alifanywa mpangaji akiwa kwake. Yafaa basi tuseme "mshika ardhi", kisha tueleze aliishika ya nani, na ni nani aliyesema hivyo.