Walilizima Joto Kabla ya Umeme, na Majina Yao Hayajulikani

Umeme ukikatika Dar mwezi wa pili, saa nane mchana, ndio utajua kama unaishi kwenye nyumba au kwenye tanuri la mkate. Feni kimya, bati linachemka, ukuta umeshapata moto. Sasa vuka maji, ingia nyumba ya zamani pale Mji Mkongwe, Zanzibar. Ndani kumetulia, na hakuna kiyoyozi.

Waliofanya hivyo ni mafundi ambao hata majina yao hatuna. Pale Kilwa Kisiwani kuna Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14. Maandishi ya kuchonga yaliyopatikana pale yanamtaja sultani, al-Hasan bin Sulaiman. Jumba lina hadi bwawa la kuogea lenye pembe nane, karne ya 14 hiyo! Aliyelichimba? Kimya.

Siri yao ya kwanza ni ukuta. Mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kwa magogo, unene kama nusu mita. Jua linaupiga tangu asubuhi lakini joto linachelewa kufika ndani. Na vile vichochoro ambavyo watalii wanapotea kila siku si ubahili wa ardhi tu, nyumba zinakingana jua. Lamu wakaenda mbali zaidi wakajenga wikio, chumba kinachokatiza juu ya kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba. Mpita njia anapata kivuli bure.

Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki sana mita 3. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu halafu vyembamba. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini Rufiji na Lamu kwenda Ghuba, kwa hiyo hata nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain upana wa vyumba vyake uliamuliwa na mikoko ya huku.

Ila kuna kitu kinauma. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana na matajiri. Karne ya 19, kazi nyingi za sulubu mwambao, zikiwemo kukata mikoko kwenye tope na kubeba mawe, zilifanywa na watumwa. Ubaridi ule wameutengeneza wao, wakalala kwingine, kwenye vibanda vya udongo na makuti.

Na usidharau makuti. Usiku ukuta wa mawe unalitema joto lote uliolila mchana, wakati makuti yanapitisha upepo na kupoa haraka. Mwenye jumba anapanda juu ya paa kutafuta hewa, mwenye kibanda yuko freshi.

Halafu mabati yakaja. Hayavuji, hayashiki moto kama makuti, fundi anayapiga siku mbili kazi imeisha. Hata Mji Mkongwe mapaa mengi bapa yaliyokuwa yanavuja yakafunikwa bati. Mpangaji wa chumba kimoja, bati halina hata dari chini yake, ndiye anayepikwa.

Wenye hela nao wanajenga ghorofa la vioo. Kioo kikubwa kinatazama magharibi, jua la saa kumi linaingia lote, kiyoyozi kinalia, na LUKU inakata kabla ya wiki kuisha.