Nani Alibonyeza Ndiyo?

Kompyuta ya mathe hapa Makutano, Meru, ilikuwa inawaka polepole. Nikakagua: programu tisa zinaanza zenyewe, zinafanya kazi kichinichini na kula bando.

"Mama, nani aliziruhusu hizi?"

"Ilikuwa inauliza na Kizungu. Mimi nabonyeza tu ndiyo."

Mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wa OpenOffice uko wazi; yeyote anaweza kuutafsiri. Lugha pia ni mpangilio. Ukiukuta umeshawekwa, kuna mtu alikuamulia.

Nikazima zile tisa, nikaweka kompyuta Kiswahili. Juzi ikauliza tena. Mathe akasoma polepole, akabonyeza hapana.