Kirkuk na Ndoto ya Dola ya Wakurdi

Tarehe 25 Septemba 2017 Wakurdi wa Iraq walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 92 ya waliojitokeza wakataka dola yao wenyewe. Wiki tatu baadaye, tarehe 16 Oktoba, majeshi ya Baghdad yaliingia Kirkuk na kuinyakua pamoja na visima vyake vya mafuta. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya Shirikisho ikaibatilisha kura hiyo. Wengi hueleza anguko hilo kwa upinzani wa Uturuki, Iran na Marekani. Upinzani huo ulikuwepo na ulikuwa mzito, lakini hautoshi kueleza kwa nini juhudi za Wakurdi wa Iraq zimevunjika mara kwa mara karibu mahali palepale. Kwa zaidi ya nusu karne, mapatano yao na Baghdad yameliacha swali la Kirkuk kiporo, na kiporo hicho ndicho kilichoyaharibu. Hatima ya uhuru wa Wakurdi itaamuliwa Kirkuk kabla ya kuamuliwa katika sanduku la kura la Erbil, makao makuu ya jimbo la Wakurdi.

Kisa kinaanzia kwenye mabaki ya dola ya Uthmaniya. Mkataba wa Sèvres wa 1920 uliwafungulia Wakurdi njia ya kuomba uhuru mbele ya Shirikisho la Mataifa, lakini haukuidhinishwa, na Mkataba wa Lausanne wa 1923 ulioshika nafasi yake haukuwataja kabisa. Mwishoni mwa 1925 Shirikisho hilo liliamua kwamba wilaya ya Mosul, Kirkuk ikiwemo, ibaki Iraq, nchi iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza. Miaka miwili baadaye mafuta yalifumuka Baba Gurgur, jirani na mji wa Kirkuk. Tangu hapo mji ambao Wakurdi, Waturkmeni, Waarabu na Wakristo walikuwa wakiishi pamoja ukawa pia hazina ya serikali, na hakuna mtawala wa Baghdad aliyekuwa radhi kuiachia.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa Machi 1970. Baada ya vita vya karibu miaka tisa, kiongozi wa Wakurdi Mustafa Barzani na serikali ya chama cha Baath walikubaliana kuhusu mamlaka ya ndani ya Wakurdi, na sensa ilikusudiwa kuonyesha maeneo gani yana Wakurdi wengi. Sensa hiyo haikufanyika. Wakati huohuo serikali iliwahamishia Waarabu Kirkuk na kuwaondoa Wakurdi. Mwaka 1974 Baghdad ilipotangaza sheria ya kujitawala isiyoujumuisha mji huo, Barzani aliikataa na vita vikarudi. Mwaka uliofuata Shah wa Iran na Saddam Hussein walitia saini mapatano ya Algiers, Iran ikaondoa msaada wake, na uasi ukasambaratika. Jirani aliwasaliti Wakurdi, hilo halina ubishi. Hata hivyo, usaliti huo uliwakuta tayari vitani, na kilichowarudisha vitani kilikuwa, kwa sehemu kubwa, Kirkuk.

Baada ya utawala wa Saddam kuwaua Wakurdi kwa halaiki katika kampeni ya Anfal na kwa gesi ya sumu mjini Halabja mwaka 1988, kisha ulinzi wa anga wa mataifa ya Magharibi wa 1991, Wakurdi walipata bunge na serikali yao. Katiba ya 2005 ilihalalisha jimbo lao ndani ya shirikisho. Kifungu cha 140 kiliagiza waliohamishwa warejeshwe, sensa ifanyike na wakazi wa Kirkuk waulizwe kabla ya tarehe 31 Desemba 2007. Tarehe ikapita bure. Mwaka 2014, jeshi la Iraq lilipokimbia mbele ya wapiganaji wa Daesh, Peshmerga, wapiganaji wa Kikurdi, waliuchukua mji wa Kirkuk. Kura ya 2017 ilipofanyika hadi Kirkuk, Baghdad iliona kwamba Wakurdi wanataka kuondoka na jimbo pamoja na hazina.

Kuna watakaosema kwamba utashi wa watu, ukishadhihirika kiasi hiki, hauhitaji idhini ya mtu. Kimaadili hoja hii ina nguvu, hasa kwa taifa lililopitia Anfal. Lakini tuitazame Sudan Kusini. Mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi Januari 2005 uliandika wazi kwamba watu wa kusini watapiga kura baada ya miaka sita, na Khartoum ikaweka saini. Ndiyo maana kura ya 2011 ilizaa dola. Katiba ya Iraq ya mwaka huohuo wa 2005 haina utaratibu wa jimbo kujitenga, kwa hiyo kura ya Wakurdi haikuwa na mtu aliyefungwa na matokeo yake.

Wengine watauliza: kwa nini wasiondoke bila Kirkuk, kama Sudan Kusini ilivyoondoka huku eneo la mpakani la Abyei likiwa bado na mgogoro? Jibu liko kwenye mabomba: kuondoka bila makubaliano huacha mafuta bila njia ya uhakika ya kutokea. Sudan Kusini iliondoka na sehemu kubwa ya mafuta, lakini Januari 2012 ilisimamisha uzalishaji kwa ugomvi wa ada za kuyapitisha kaskazini. Jimbo la Kurdistan lina visima vyake, ila Machi 2023 Uturuki ilipofunga bomba la mafuta liendalo bandari yake ya Ceyhan, Erbil haikuwa na njia nyingine ya maana ya kuuza nje. Zaidi ya hayo, hakuna kiongozi wa Kikurdi aliyeweza kuikana Kirkuk akabaki na uhalali. Vyama vikuu viwili vilivyopigana katika miaka ya 1990 vililaumiana tena mwaka 2017, baada ya sehemu ya wapiganaji kuondoka mjini bila mapambano.

Sensa ya Novemba 2024 iliacha kuuliza watu kabila lao, hivyo swali la mwaka 1970 bado halina jibu. Uhuru haujawa ndoto ya bure, ila njia yake inapita kwenye makubaliano ambayo Waturkmeni na Waarabu wa Kirkuk nao wataona yanawalinda: mamlaka ya pamoja ya mji, mgao wa mafuta ulioandikwa kisheria, na utaratibu wa kuachana ambao Baghdad itausaini. Kazi hiyo ni ndefu na haina shamrashamra za siku ya kura. Wanaowatakia Wakurdi dola na waanze nayo, kwani dola itakayozaliwa juu ya Kirkuk yenye kinyongo itakuwa na vita kabla ya kuwa na bendera.