Pikipiki ya Mbulu na Sheria ya Lami

Historia ya usafiri nchini mwetu imezoeleka kuandikwa kwa kufuata reli na lami. Historia ya namna hiyo haiwezi kuieleza Mbulu wala Hanang. Mbulu imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Hanang imeuzunguka mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Kwa vizazi vingi mzigo huko ulikwenda kwa mgongo wa punda, mgonjwa kwa machela na habari kwa miguu. Chombo cha moto kilichovifikia vitongoji vya ndani kabisa ni pikipiki. Swali la makala haya ni hili: pikipiki ilipataje uhalali mbele ya sheria, na kwa nini uhalali huo bado ni mzito kwa mwananchi wa vijijini?

Tuanze na wenye pikipiki wa kwanza. Hawakuwa wakulima wala wafugaji. Walikuwa wamisionari, mabwana shamba, watumishi wa afya na wataalamu wa miradi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa mwaka 1955. Katika miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalienea katika uwanda wa Basotu, kwenye malisho ya Wabarbaig. Huduma na miradi ya aina hiyo, huko na kwingineko nchini, ndiyo iliyozoesha macho ya watu pikipiki kama Honda XL na Yamaha DT: ndefu, nyepesi, zenye matairi ya meno, zilizoundwa kwa ajili ya njia mbaya.

Pikipiki nyingi za miradi ziliingia nchini kwa msamaha wa ushuru, zikabeba namba za serikali au za miradi ya wafadhili. Mradi ulipokwisha, zilipigwa mnada. Hapo ndipo raia wa kawaida alipokutana na fumbo la sheria. Kisheria, msamaha wa ushuru humfuata mwenye kustahili, haukifuati chombo. Chombo kikihamia kwa asiyestahili, ushuru hudaiwa. Mnunuzi alihitaji hati ya mauzo, kodi iliyolipwa, namba mpya na kadi ya usajili yenye jina lake. Kabla Mkoa wa Manyara haujaundwa mwaka 2002, makao makuu ya mkoa yalikuwa Arusha. Mkulima wa Dongobesh aliyenunua pikipiki kuukuu kwa bei ya kutupa aliweza kukuta kuwa kuihalalisha ni safari ndefu na gharama nzito kuliko kuinunua. Si ajabu basi kwamba pikipiki ya namna hiyo hubaki njia za ndani na kuikwepa barabara kuu.

Sheria zenyewe zilitungwa kwa picha nyingine ya nchi. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama Barabarani, inayohusu chombo na dereva, na Sheria ya Leseni za Usafirishaji, inayohusu biashara ya kubeba abiria na mizigo. Msafirishaji wa abiria aliyefikiriwa wakati huo alikuwa mwenye basi au teksi. Pikipiki ya kukodiwa haikuwamo katika fikra za mtunga sheria.

Wananchi hawakumsubiri. Neno bodaboda lilizaliwa miaka ya 1960 mpakani mwa Kenya na Uganda, likihusu baiskeli zilizovusha watu. Katika miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, kama SanLG, Toyo na Boxer, ziliiteka biashara hiyo hadi vijijini kwetu. Serikali ilikuta jambo limekwisha kutendeka. Mwaka 2009 sheria ya leseni ilirekebishwa, na mwaka 2010 zikatoka Kanuni za pikipiki na bajaji chini ya SUMATRA, ambayo mwaka 2019 ilirithiwa na LATRA. Kanuni hizo ziliruhusu biashara, zikaweka abiria mmoja na kofia ngumu kwa wote wawili.

Hivyo leo bodaboda hubeba uhalali wa aina tatu: wa chombo, yaani usajili, taa, vioo, honi na breki, wa dereva, yaani mafunzo na leseni, na wa biashara, yaani leseni ya usafirishaji. Juu ya yote ipo bima. Kwingineko duniani mwenye pikipiki ya michezo ya porini huifunga taa na vioo ili iruhusiwe barabarani. Kwetu mambo yamegeuka: pikipiki hutoka dukani ikiwa kamili, kisha mawe na matope huivua uhalali wake kidogo kidogo. Kioo huvunjika, taa huzimika, bima huisha bila kukatwa upya, kwa kuwa barabara ya kijijini haina wa kuuliza.

Wapo wasemao: waacheni, ni vijana wanaojitafutia riziki. Hoja hiyo ina huruma lakini haina kesho. Pikipiki ndiyo inayomwahisha mama mjamzito hospitalini usiku. Ikianguka bila bima, mama huyo hana wa kumdai, na familia ya dereva huuza ng'ombe ili kulipa matibabu. Uhalali si mapambo ya askari wa usalama barabarani. Ni kinga ya maskini.

Mwaka 2021 serikali ilipunguza faini ya bodaboda kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Mwaka 2022 ikagawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani. Hatua zote mbili ni njema, lakini zinaonyesha tofauti iliyopo: afisa hukabidhiwa chombo ambacho usajili wake umeshughulikiwa na ofisi, ilhali mwananchi hupunguziwa adhabu ya kukosa karatasi, bila kupunguziwa umbali wa kuzifuata.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Siku za mnada wa mifugo watu hukusanyika kwa wingi. TRA, LATRA, polisi, VETA na wauza bima wakae hapo chini ya hema moja, wakague, wafunze na wasajili kwa siku moja. Tangu mwaka 1973 tumemtaka mwananchi wa Mbulu na Hanang aifuate sheria kule iliko. Pikipiki yake imethibitisha kwamba njia ya kwenda kwake inapitika.